Diski ya Chui

Mwenye macho haambiwi tazama, na Gibson alikuwa na macho mawili mazima pamoja na muda mwingi wa kuyatumia. Alikaa kwenye hoteli iliyoelekeana na ofisi ya Bi Mwanamina ya kupiga taipu, pale Voi mjini, mwaka ule wa tisini na saba, akikumbatia kikombe cha chai ya rangi. Chai yenyewe ilikwisha zamani, ila hakutaka mwenye hoteli ajue. Ng'ambo ya barabara, Bi Mwanamina alikuwa akiizaba kompyuta yake makofi ya ubavuni.

"Amka, we! Watu wana maiti wao wanangoja!"

Nyuma yake walisimama jamaa waliofuata ratiba ya mazishi, kofia mkononi, wakiitazama skrini kwa heshima ileile wanayomtazamia daktari asiyesema kitu. Kompyuta ilikuwa ikifungua barua yenye ratiba hiyo. Ilikuwa ikiifungua kwa hiari yake, na hiari yake ilikuwa ndogo.

Wako watu ambao wakimwona mwenzao ana shida huingiwa na huruma. Gibson naye huingiwa na huruma, tatizo ni kwamba huruma yake ina bei. Akakiweka chini kikombe, akajisemea polepole, "Mji mzima unachukia kungoja, na hakuna hata mmoja anayejua kilichomo ndani ya lile sanduku."

Hapo ieleweke kwamba Gibson hakuwa mgeni katika biashara ya vitu visivyojulikana. Kabla ya hapo alikuwa broka wa mawe kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau, akijulikana kwa jina la Derrick. Alivunja chupa za soda, akavizungusha vipande ndani ya mkebe wa mchanga hadi vikalainika, akaviuza kuwa vito vya kijani. Kanuni ya mabroka wenzake ilimfaa sana: mzigo hununuliwa ndani ya mfuko ulioshonwa, na mkishashikana mikono, furushi halirudi. Yeye aliongezea madoido yake. Kabla ya kuutoa mzigo aliubusu, akafumba macho, akaugulia kidogo, kama mzazi anayeagana na binti siku ya harusi. Wanunuzi walipenda sana jambo hilo. Waliona mtu anayeumia hivyo hawezi kuwa anauza chupa.

Lakini jiwe lina dosari moja, humulikika. Wateja walijifunza kutembea na tochi, Derrick akafa kifo cha ghafla, na Gibson akazaliwa Voi. Tangu hapo alikuwa akitafuta bidhaa isiyopitisha mwanga.

Kumbe bidhaa yenyewe alikuwa nayo mfukoni. Siku chache nyuma alinunua karanga, nazo zikafungwa kwa ukurasa wa gazeti la kompyuta la Kizungu. Ukurasa ulieleza kwamba ndani ya kompyuta mna diski inayozunguka, na kwamba sasa zimetokea diski za mbio, za kuzunguka mara elfu saba na mia mbili kwa dakika. Chini kabisa mwandishi aliuliza: lakini je, kwa mtu wa kawaida anayeandika barua zake, kasi hiyo ina maana yoyote? Ukurasa ulichanikia hapo. Gibson hakuhuzunika. Jibu halikuwa na faida kwake, faida ilikuwa kwenye elfu saba.

Na safari hii alikuwa na haja ya kweli. Alimpenda Cynthia, taipisti katika ofisi jirani ya Bwana Munyao, akampenda hadi akapanda Sagalla kwa miguu juani kwenda kumposa. Baba yake, Mzee Mwandawiro, alimsikiliza hadi mwisho, na kumsikiliza Gibson hadi mwisho si kazi ndogo. Kisha akasema, "Kijana, wachumba wote huja hapa na maneno. Maneno hayakamuliwi. Niletee ng'ombe wa gredi, wa kisasa, mwenye maziwa, ndipo tuongee." Gibson alishuka mlima akiwa ameapa kwa dhati, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba ng'ombe huyo atampata.

Basi akaingia kwa Bi Mwanamina, bisibisi mfukoni mwa shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kama wataka ratiba ya mazishi, kaa foleni."

"Nimekuja kwa mgonjwa." Akainama, akaweka sikio kwenye kasha la kompyuta. "Ana miaka mingapi?"

"Kwani wamposa?"

Jamaa wa msiba wakacheka licha ya msiba. Gibson akacheka nao, na huku akicheka kidole gumba chake kilikuwa kazini. Kompyuta za siku zile zilikuwa na kitufe mbele kilichoandikwa Turbo. Kikibonyezwa mashine huchangamka, kikibonyezwa tena hulegea. Wengi walidhani ni pambo. Gibson akakilegeza, akainuka, akaomba barua ifunguliwe tena. Wakangoja. Mmoja wa wafiwa akatoka kwenda kununua sigara, akarudi, bado wanangoja.

"Mama, diski yako imechoka. Inazunguka elfu tatu na ushei tu kwa dakika."

"Nani aliyehesabu?"

"Wazungu."

"Hao nao wana kazi! Na hiyo yako?"

"Elfu saba na mia mbili."

"Sasa ikizunguka elfu saba," akasema Bi Mwanamina, "maiti atazikwa mapema?"

Swali hilo lilikuwa na akili kuliko yote yaliyoulizwa Voi mwaka huo, na Gibson alilipita kama mtu anavyoipita nyumba ya anayemdai. "Barua itafunguka kabla hujakaa kitini, mama."

Akaenda na mashine chumbani kwake, akahamisha barua kwa flopi, akatia diski aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu iliyotupwa Mombasa. Juu yake alibandika picha ya chui iliyotoka kwenye pakiti ya chingamu. Aliporudi aliacha kasha wazi ili chui aonekane, akaibonyeza Turbo kwa siri, na barua ikafunguka upesi hata wafiwa wakapiga makofi.

"Ile kongwe niachie, nitakutupia," akasema Gibson. Kisha, kwa mazoea, akainama akambusu chui, macho akayafumba, akaugulia.

Bi Mwanamina, ambaye ulimi wake haukuwa umepumzika tangu asubuhi, akanyamaza.

"Wabusu nini, baba?"

"Naiaga, mama. Mzigo mzuri una uchungu."

"Na ikiniharibikia, nitakurudishia?"

"Kwetu furushi halirudi, mama. Mkono ukishashikana, basi."

Bi Mwanamina akafungua fundo la pesa kwenye leso. Kisha akalipa bei aliyotajiwa, bila kuomba apunguziwe hata thumni. Hapo ndipo Gibson alipopaswa kushtuka. Mfanyabiashara wa Voi anayelipa bila kubishana bei ama ni mgonjwa ama ana lake jambo. Lakini Gibson alitoka akipiga mluzi, akiamini kwamba amependwa.

Jirani yake Bi Mwanamina katika kazi ya taipu, na adui yake, alikuwa Bwana Munyao, mtu mnene mwenye wivu mwembamba usiolala. Hata jua halijapinduka alikuwa amemshika Gibson mkono barabarani.

"Nasikia huyo mama umemwekea diski ya chui. Mimi nataka ya simba."

"Simba ni mvivu, boss, analala mchana kutwa. Mbio ni chui. Lakini wewe ni mtu mkubwa, nitakuwekea chui wawili."

"Wawili wanakimbia zaidi ya mmoja?"

"Mmoja akichoka, mwingine anashika."

Munyao alilipa mara mbili, na akapewa diski ileile ya Bi Mwanamina iliyokuwa itupwe, ikiwa na picha mbili za chingamu. Diski ya Munyao, kwa chui mmoja, ikaenda kwa mwalimu mkuu mmoja huko Mwatate. Ya mwalimu ikaenda kwa mhasibu wa loji. Ya mhasibu ikaenda kwa mchungaji. Gibson alianza na diski moja ya jalalani, na sasa nusu ya wilaya ilikuwa ikitumia diski ya jirani na kumshukuru Mungu kwa maendeleo. La ajabu ni kwamba wote waliona mbio. Mwalimu alisema hata mitihani inasahihishika haraka. Mchungaji alisema mahubiri yanakuja yenyewe. Mtu akishalipia kasi, ataiona tu, maana kutoiona ni kujiita mjinga, na hiyo nayo ni gharama.

Cynthia peke yake hakuiona. Alimngoja Gibson hadi Munyao alipotoka kwenda kula.

"Umebadilisha nini kwa hii mashine?"

"Diski, mpenzi. Chui wawili."

"Gibson, sikia. Nikibonyeza herufi, inakuja papo hapo. Hata ya zamani ilikuwa inakuja papo hapo. Mashine inaningoja mimi. Mimi nangoja printa, printa inangoja stima irudi, na barua ikishatoka tunangoja chifu atie sahihi wiki mbili. Sasa hao chui wanamkimbiza nani?"

"Wanamkimbiza Munyao."

Cynthia alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. "Na ng'ombe wa baba?"

"Huyo ndiye wanamkimbilia."

"Haya. Na maji ya huyo ng'ombe utampandishia wewe Sagalla na ndoo kichwani, usinitazame mimi."

Alisema hivyo akitabasamu, na Gibson akaona kwamba ndoo hata kumi angebeba.

Ng'ombe alipatikana Wundanyi, mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kimejaa. Gibson alimshusha Voi akiwa amemshika kamba kwa fahari, watu wakimpisha kama mkuu wa wilaya. Shida ikawa pa kumweka, maana chumba chake kilimtosha yeye na kitanda kwa kubanana. Mzee Mwandawiro angeteremka siku ya soko kuja kumtazama na kumchukua. Nani alijitokeza kumsitiri? Bi Mwanamina, mwenye ua mpana nyuma ya nyumba.

"Mlete, baba. Majani utaleta wewe, maziwa nitakunywa mimi."

"Mama, wewe ni mzazi wangu."

"Si haba," akajibu Bi Mwanamina.

Kesho yake tu, akimpelekea ng'ombe majani, alimkuta mama huyo amekaa barazani kando ya boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi kila upande.

"Ndugu yangu Idris amerudi kutoka Dubai," akasema. "Kaniletea diski. Za elfu saba na mia mbili, za kweli, si za kuambiwa. Boksi zima."

Gibson akalisogelea boksi. Yeye zaidi ya mtu yeyote alijua kwamba kwa mwandika barua elfu saba na elfu tatu ni mamoja. Lakini alijua pia watu wangetoa nini. Diski za kweli zingeweza kuuzwa mahali ambapo chui wa chingamu hangethubutu kufika, loji kubwakubwa, Mombasa, hata Nairobi. Boksi hilo lilikuwa ng'ombe watano, pengine na duka.

"Mbona huziuzi mwenyewe, mama?"

"Mimi nitazitia wapi? Bisibisi siijui kushika. Na kuzibusu pia sijui." Akavuta leso begani. "Nipe ng'ombe, chukua boksi."

"Ng'ombe? Mama, huyo ni mahari!"

"Basi mwache. Munyao pia alikuwa akiliulizia."

Jina la Munyao lilimchoma. Gibson akalipapasa boksi, akalinyanyua. Lilikuwa na uzito mzuri, uzito wa kuaminika. "Wacha nifungue nione moja."

"Ukifungua, bei ni nyingine," akasema Bi Mwanamina kwa upole. "Kwani nyie watu wa mawe kanuni yenu si hiyo? Marehemu mume wangu alikuwa akenda Rukanga. Akiniambia, mzigo ni ndani ya mfuko, na mkono ukishashikana furushi halirudi."

Mtu mwingine angeuliza marehemu alikuwa akienda Rukanga kufanya nini, na kwa nani. Gibson alikuwa akihesabu ng'ombe watano. Akawaza: mjane wa watu, kaletewa mali na hajui thamani yake, nikimwacha leo kesho atadhulumiwa na mtu mbaya. Ile huruma yake ikamwingia tena.

Bi Mwanamina hakuwa wa kushikana mkono na wanaume, kwa hivyo akanyoosha ncha ya leso. Gibson akaishika ncha ya pili, wakaivuta mara moja, biashara ikaisha. Alipolinyanyua boksi, alilibusu.

"Naam," akasema Bi Mwanamina, karibu kama anayejisemea. "Hivyo hivyo."

Alilipeleka moja kwa moja kwa Munyao, maana Munyao alikuwa tayari anadai chui wanne. Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko, lakini Gibson alishapanga kila kitu: atauza diski mbili tatu asubuhi, apate ng'ombe mwingine wa haraka, Mzee asijue lolote. Akaweka boksi juu ya meza, akakata utepe, Munyao na Cynthia wameinama juu yake.

Ndani mlikuwa na vifurushi vya ukubwa wa diski, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti vizuri kabisa. Akafungua cha kwanza. Vipande vya chupa ya soda, vya kijani, vimelainika. Akafungua cha pili, chupa. Cha tatu, chupa na mchanga. Chini kabisa alikuta mfuko mdogo wa kaki, mtupu, umeshonwa kwa uzi mwekundu na mkono usiojua kushona. Mkono huo aliujua. Ulikuwa kwenye bega lake mwenyewe.

Munyao akachukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga. "Hizi ndizo za Dubai?"

Cynthia alimtazama Gibson usoni, akaelewa kila kitu, na kicheko kikamtoka hadi akashika meza. "Hizi sasa zinazunguka mara ngapi kwa dakika?" Kisha kicheko kikakatika. "Gibson. Ng'ombe yuko wapi?"

Gibson alikuwa ameshatoka mbio. Chui wawili wa Munyao wasingemfikia.

Uani kwa Bi Mwanamina ng'ombe alikuwa akitafuna taratibu. Kando yake, kwenye mkeka, Bi Mwanamina alikuwa akimimina chai ya maziwa, na kwenye kiti, kofia gotini, alikaa Mzee Mwandawiro. Alikuwa ameshuka mapema.

"Mama," Gibson akahema, "zile si diski!"

"Nani kasema ni diski sasa? Ni mali yako, nimekurudishia." Bi Mwanamina akaiweka chini birika. "Mume wangu akiitwa Miraj. Aliuza bangili zangu za harusi akanunua vito vyako. Alipomulikiwa kule Mombasa watu walicheka, akarudi akajifungia, barazani hakukaa tena. Sikusingizii, aliuawa na sukari. Lakini alikufa akiona haya, na hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo."

Gibson akainamisha kichwa, na Bi Mwanamina akaendelea.

"Nilimtafuta huyo Derrick nisimpate. Nilikuwa na alama moja tu niliyoambiwa: yule kijana hubusu mzigo. Ulipombusu chui wako mbele yangu, nikalipa nikanyamaza. Na ile diski yangu niliitia rangi ya kucha zamani, maana mali haiendi kwa fundi bila alama. Munyao kanifungulia kasha kunionyesha chui wake wawili, nami nikaiona rangi yangu ya kucha."

"Umemwambia?"

"Nimwambie ya nini? Ana furaha. Yake yakimbia."

Gibson akamgeukia Mzee Mwandawiro. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema alitaka sana kusema kweli, ila hakujua inaanzia wapi. Aliona Sagalla ikipanda mbali na yeye, na Cynthia yuko kileleni, na akatamani kulia kabisa.

"Mzee, mimi nilikuwa... yaani ng'ombe huyu..."

"Naona maneno yanakuja," akasema Mzee Mwandawiro. Akanywa chai, akafuta mdomo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Huyu mama ameniambia yote. Ng'ombe mwenyewe ni mzuri, kijana, hukunidanganya. Maziwa yake nimeyaonja. Kaa unywe na wewe, halafu uanze kutafuta mwingine, na huyo mwingine utamtafuta kwa jembe. Shamba langu liko wazi, na maji yako mbali."

Bi Mwanamina akamimina kikombe cha pili, maziwa mazito yakapanda juu. Gibson akakipokea kwa mikono miwili. Harufu yake ilikuwa nzuri, na ilimuuma zaidi kwa kuwa nzuri. Kwa mazoea akainamisha kichwa, akafumba macho, midomo ikasogea ukingoni.

"Usikibusu, baba," akasema Bi Mwanamina. "Hicho kikombe kinabaki hapa."